Shajara ya mradi: kufuatilia jaribio la FEAST kwenye hifadhidata ya marejeo

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kuchukua makala moja ya kitaaluma na kuona imefika wapi: nani aliirejelea, aliirejelea kwa kusema nini, na makala zipi zimeunganishwa nayo. Hatua nyepesi tumezipita haraka. Tulipokosea tumeandika kwa urefu, maana ndiko siku nyingi zilikoishia.

2 Machi 2024. Kuchagua makala mama (ile tutakayoifuatilia)

FEAST ni jaribio la tiba lililofanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule iliyoko Muheza, Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141 wa umri wa siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa dripu ya haraka ya albumini (protini ya damu), la pili dripu ya haraka ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na la tatu halikupewa dripu ya haraka. Vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6, 10.5 na 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokusudiwa, na matokeo yakatoka kwenye New England Journal of Medicine mwaka 2011.

Tumeichagua kwa sababu ilikwenda kinyume na mazoea ya wodini. Kila aliyeandika baada ya hapo kuhusu kumpa mtoto mgonjwa maji ya haraka ilimbidi aitaje au aipite kimya, na hifadhidata nzuri huonyesha yote mawili. Tumeiwekea majirani wawili wa kulinganisha: jaribio la Rivers na wenzake la 2001, lililofanyika katika hospitali moja ya Detroit kwa watu wazima 263 na kuhimiza tiba ya mapema yenye maji mengi, na jaribio la Andrews na wenzake la 2017 nchini Zambia, kwa watu wazima 212 wenye sepsisi (maambukizi yaliyovuruga mwili mzima) na shinikizo la chini la damu, ambamo kundi lililopewa maji ya mapema kwa utaratibu maalumu lilikuwa na vifo vingi zaidi.

Kuhusu chanzo cha data: Web of Science na Scopus zinahitaji taasisi iliyolipia. Google Scholar inaona vingi lakini haina API (mlango wa programu kuchotea data), na skripti, yaani programu fupi, ikiigonga mara kwa mara inafungiwa. Tulichukua OpenAlex, hifadhidata ya bure iliyoanza Januari 2022 baada ya Microsoft kufunga hifadhidata yake ya makala mwishoni mwa 2021. Shahidi wa pili ni Crossref, sajili ya machapisho ambako wachapishaji wenyewe huwasilisha orodha zao za marejeo.

Kosa la kwanza lilitokea ndani ya nusu saa. Tulitafuta FEAST kwa jina la makala, tukapata matokeo kadhaa yanayofanana: makala yenyewe, barua za wasomaji na majibu ya watafiti. Skripti ilichukua la kwanza kwenye orodha. Dawa ni kuanza na DOI (namba ya kudumu ya makala) kila mara, siyo jina: `https://api.openalex.org/works/doi:10.1056/NEJMoa1101549`. Kwa jarida hili DOI yenyewe inakuambia umeshika nini: `NEJMoa` ni makala ya utafiti, `NEJMe` ni tahariri, `NEJMc` ni barua.

9 Machi. Kushusha wanaoirejelea

Kila makala ndani ya OpenAlex ina namba inayoanza na W. Ukishaipata, kuna vichujio viwili ambavyo ni rahisi mno kuvichanganya. `cites:W…` huleta makala zinazoirejelea makala yako. `cited_by:W…` huleta zile ambazo makala yako imezirejelea. Tuliandika cha pili tukidhani ni cha kwanza. Tulichopata kilikuwa orodha fupi, nadhifu, isiyo na kosa hata moja la kimtambo, na ndiyo maana hatukushtuka. Kilichotufumbua macho ni safu ya mwaka: hakuna makala iliyovuka 2011. Tangu siku hiyo kila upakuaji unafuatwa na kipimo kimoja: panga kwa `publication_year`. Wanaorejelea lazima waanze mwaka wa makala mama na kuendelea, na waliorejelewa lazima waishie hapo.

Tuliporekebisha, tukaangukia la pili. OpenAlex hurudisha makala 25 kwa ukurasa usipoiambia vinginevyo. Skripti yetu ilisoma ukurasa wa kwanza ikamaliza, na ramani ya makala 25 ilipendeza vya kutosha kuzungumziwa kwa siku nzima. Wanaoirejelea FEAST ni zaidi ya elfu moja. Cha kufanya:

weka `per-page` ya juu inayoruhusiwa (kwetu ilikuwa 200), anza na `cursor=*`, kisha kila ombi linalofuata libebe thamani ya `next_cursor` iliyorudi, hadi matokeo yawe matupu. Mwishoni linganisha idadi ya mistari uliyohifadhi na `meta.count`, yaani jumla inayotajwa na OpenAlex yenyewe. Zikitofautiana hata kwa moja, usiendelee.

Ukitumia namba za kurasa badala ya `cursor`, utaishia kwenye matokeo 10,000. Kwa FEAST hilo halikutugusa, ila anayefuatilia makala ya mbinu za takwimu litamkwamisha.

Wakati huo (2024) tuliweka barua pepe yetu kwenye ombi kwa `mailto=` na kupumzisha skripti sekunde 0.2 kati ya ombi na ombi. Tulipoenda mbio tulipigwa na kosa 429 (maombi mengi mno) katikati ya kazi. Skripti haikusimama: iliruka kurasa zilizokataliwa ikaendelea na zilizofuata kana kwamba hazikuwapo. Sasa inajaribu tena mara tano, ikishindwa inasimama na kupiga kelele.

16 Machi. Tabaka la pili, na bando lililoisha

Ili kujua makala mbili zinahusiana, haitoshi kujua kwamba zote zinairejelea FEAST. Unahitaji orodha nzima ya marejeo ya kila moja. Orodha hiyo iko kwenye `referenced_works`, nayo ni namba za W tu bila majina. Tukaamua kushusha kumbukumbu kamili za kila namba. Makala elfu na ushei, kila moja ikiwa na makumi ya marejeo: hesabu hiyo tungeifanya kabla. GB 1.4 zilikwenda kwa jioni moja na kazi ilikuwa haijafika nusu.

Kumbukumbu kamili ya makala moja ina taasisi za kila mwandishi, mada na hata muhtasari uliokatwakatwa neno moja moja. Hatuhitaji hayo. Ukiongeza `select=id,doi,title,publication_year,type,referenced_works`, mzigo unapungua mno. Pia badala ya ombi moja kwa makala moja, unganisha namba 50 kwa alama ya `|` ndani ya kichujio `ids.openalex:`. Kazi iliyoshindikana jioni nzima ilimalizika kabla chai haijapoa, kwa chini ya MB 200. Hifadhi majibu ghafi kama yalivyokuja, kila ukurasa faili lake, ndipo uyachakate ukiwa nje ya mtandao. Hifadhidata hubadilika kila wiki. Bila majibu ghafi huwezi kurudia hesabu yako mwenyewe ya mwezi uliopita.

23 Machi. DOI zisizokutana

Tulitaka kulinganisha orodha za OpenAlex na za Crossref. Kwa macho zilifanana, lakini skripti yetu ya Python ikasema karibu hakuna kinachofanana. Chanzo ni hiki: DOI haijali herufi kubwa wala ndogo, kompyuta inajali. OpenAlex hutoa `https://doi.org/10.1056/nejmoa1101549`. Kwenye orodha za marejeo za Crossref utakuta `10.1056/NEJMoa1101549`, mara nyingine na nukta mwishoni iliyonaswa kutoka kwenye sentensi, mara nyingine na `doi:` mbele. Excel ilikuwa imetuficha tatizo, maana VLOOKUP haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Usafishaji ni mistari minne: ondoa kila kilicho mbele ya `10.`, punguza herufi zote, kata nukta, koma na mabano ya kufunga yaliyoachwa mwishoni, kisha ondoa nafasi. Mabano yakatwe kwa uangalifu, kwa sababu DOI za zamani, hasa za The Lancet, zina mabano halali katikati. Kata bano la mwisho pale tu ambapo halina mwenzake wa kufungua.

Baada ya usafi tofauti zilizobaki zikawa za kweli, nazo zina sababu. Wachapishaji hawalazimiki kuwasilisha marejeo Crossref. Hadi 2017, kampeni ya marejeo wazi ilipoanza, sehemu kubwa ya yaliyowasilishwa ilikuwa imefungwa, mchapishaji Elsevier akafungua yake 2021, na tangu Juni 2022 kila kinachowasilishwa Crossref kiko wazi. Kwa hiyo anayesoma mafunzo ya zamani yanayolalamika kwamba Crossref haina marejeo ya wachapishaji wakubwa, hilo limepitwa na wakati. Kinachobaki ni wale wasiowasilisha kabisa.

6 Aprili. Hati moja yenye vichwa viwili

Hili ndilo lililotula muda kuliko yote kwenye hesabu, na tunaomba anayenakili kazi hii aliwahi mapema.

Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi kwa watoto wa Surviving Sepsis Campaign ulitoka Februari 2020 katika majarida mawili kwa wakati mmoja: Pediatric Critical Care Medicine na Intensive Care Medicine. Maneno yaleyale, DOI mbili. Ndani ya hifadhidata ni makala mbili, na wanaoirejelea hati hiyo wamegawanyika: wengine wamenakili DOI hii, wengine ile. Mwongozo wa watu wazima uliotangulia ulitoka vivyo hivyo katika majarida mawili.

Madhara yake kwenye ramani ni makubwa. Mwongozo huo ndiyo hati muhimu kuliko zote baada ya FEAST yenyewe, kwa sababu ndani yake matokeo ya Kilifi na Mbale yanageuka maagizo. Unapendekeza kwamba mahali pasipo na chumba cha uangalizi mahututi, mtoto ambaye shinikizo lake la damu halijashuka asipewe dripu ya haraka, na unalipa pendekezo hilo nguvu ya juu. Mahali penye chumba hicho unaelekeza hadi ml 40–60 kwa kila kilo ndani ya saa ya kwanza, kwa kupima hali ya mgonjwa. Njia panda nzima ya mjadala imo ndani ya hati moja. Ikikatwa vipande viwili, kila kipande kinaonekana hati ya kawaida, na mashine ikatupangia kimoja katika kundi la watoto na kingine katika kundi la wataalamu wa uangalizi mahututi wa watu wazima.

Kuunganisha kwa jina la makala peke yake kuliharibu zaidi. Tahariri, masahihisho na muhtasari wa mwongozo vyote vina majina yanayokaribiana, na skripti ilivimeza ndani ya mwongozo wenyewe. Kanuni tuliyobaki nayo: jozi iunganishwe ikiwa majina yamefanana baada ya kuondoa alama za uandishi, mwandishi wa kwanza ni yuleyule, tofauti ya mwaka haizidi mmoja, na orodha zao za marejeo zinafanana kwa zaidi ya tisa ya kumi. Sharti la mwisho ndilo linalookoa, kwa sababu masahihisho hayabebi orodha ya marejeo ya hati mama. Rasimu za awali zilizopakiwa mtandaoni kabla ya jarida huongeza marejeo au kupunguza, hivyo hizo tulizipitia kwa mkono. Kila muunganisho umeandikwa kwenye faili lenye safu tatu: namba iliyobaki, namba iliyomezwa, sababu.

20 Aprili. Ramani ya kwanza, na kwa nini tuliifuta

Gephi, programu ya kuchora mitandao, husoma faili la CSV lenye safu za `Source` na `Target`. Tuliamua mshale utoke kwa anayerejelea uende kwa anayerejelewa. Sehemu moja ya skripti ilikuwa imeandikwa kinyume, na mapitio yenye marejeo mia mbili yakajitokeza kuwa makala zinazorejelewa kuliko zote. Kipimo cha mwaka kilisaidia tena: kila mshale unaotoka kwa makala ya zamani kwenda kwa mpya upewe rangi nyekundu. Mishale hiyo ikiwa michache, mara nyingi ni makala iliyowekwa mtandaoni mwaka mmoja na kuchapishwa kwenye karatasi mwaka uliofuata. Ikiwa mamia, umegeuza mishale.

Ramani iliyonyooka nayo ikawa haisemi kitu. Tulipima uhusiano kwa kuhesabu marejeo ambayo makala mbili zinachangia, mbinu ambayo Kessler aliieleza mwaka 1963. Katikati ya ramani likakaa rundo moja zito. Tulipofungua mishale mmoja mmoja tukaona kinacholiunganisha: mwongozo wa PRISMA wa kuandika mapitio, GRADE ya kupima ubora wa ushahidi, na makala za vipimo vya takwimu. Mapitio kuhusu maji ya watoto na mapitio kuhusu upasuaji wa moyo yaliungana kwa sababu yote mawili yameandikwa kwa utaratibu mmoja.

Tulifanya mambo mawili. Kwanza tuliandika orodha ya makala za mbinu, zilikuwa 23, tukaziondoa kabla ya kuhesabu. Usiziondoe kwa kigezo cha kurejelewa sana peke yake, utaondoa na Rivers. Pili, tuligawanya idadi ya marejeo yanayochangiwa kwa kipeuo cha pili cha zao la urefu wa orodha mbili. Mfano: makala yenye marejeo 20 na nyingine yenye 180 zinachangia 6. Mara 20 kwa 180 ni 3,600, kipeuo chake 60, na 6 kwa 60 ni 0.10. Makala nyingine mbili zenye marejeo 25 na 36 nazo zinachangia 6. Zao ni 900, kipeuo 30, jibu 0.20. Sita ni sita, lakini jozi ya pili ina undugu mara mbili ya ya kwanza. Kila uhusiano chini ya 0.05 tuliukata.

Upande wa pili wa sarafu ni kuhesabu mara ngapi makala mbili zinarejelewa pamoja na makala ya tatu, mbinu ambayo Henry Small aliitoa mwaka 1973. Hii huonyesha jinsi wasomaji wa baadaye wanavyozipanga, na hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Kwa FEAST ni yenye faida kuliko ya Kessler, kwa sababu unaweza kuikata vipindi: 2011 hadi 2014, 2015 hadi 2019, 2020 na kuendelea. Tunakushauri uanze nayo. Kwa sasa tunatumia ya Kessler kwa makala mpya tu, ambazo bado hazijarejelewa na mtu.

Jambo moja dogo la Gephi: kipimo cha makundi kina bahati nasibu ndani yake, ukikibonyeza mara mbili unapata makundi tofauti kidogo. Tunakiendesha mara kumi na kuandika tu makala zilizokaa pamoja mara tisa au zaidi.

4 Mei. Mshale hausemi kilichosemwa

Hadi hapa tulikuwa na mishale. Mshale kutoka makala A kwenda FEAST unaweza kumaanisha A imekubali matokeo, imeyapinga, imesema hayahusu wodi zake, au imeyataja tu ndani ya mabano pamoja na mengine matano. Kwa swali letu hiyo ndiyo tofauti yote, kwa hiyo tulizitafuta sentensi zenyewe.

Semantic Scholar, hifadhidata nyingine ya makala, hutoa kupitia API sentensi zinazozunguka rejeo pamoja na lebo ya kusudi lake: usuli, mbinu au matokeo. Lebo hizo zinafaa kupanga foleni ya kusoma, hazifai kuhesabiwa, maana hakuna lebo ya "imerejelewa nje ya mipaka yake". Kwa makala zilizo wazi tulichukua matini kamili ya XML (maandishi yenye alama za kompyuta) kutoka Europe PMC, maktaba ya mtandaoni ya makala za afya. Ndani yake rejeo ni alama ya `xref` inayoelekeza kwenye kipengele cha orodha.

Mtego ulikuwa kwenye mafungu. Mwandishi anapoandika [12–15], XML mara nyingi ina alama ya 12 na alama ya 15 tu. FEAST ikiwa ya 13, skripti haiioni kabisa, na makala inaonekana imeiweka kwenye orodha bila kuitaja popote. Tulikuwa tumeanza kuandika kwamba kuna marejeo mengi "ya mapambo" kabla ya kugundua kosa ni letu. Sasa skripti ikikuta alama mbili zilizotenganishwa na kistari, inajaza za katikati kwa kufuata mpangilio wa orodha.

Kisha kusoma. Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, lebo tano: inaripoti matokeo, inaweka mpaka wa matumizi, inaeleza mbinu, inataja kwa jumla, inarejelea nje ya mipaka. Raundi ya kwanza ya sentensi 50 makubaliano yalikuwa mabaya. Mzozo wote ulikuwa kwenye lebo ya mwisho, kwa sababu hatukuwa tumeandika mipaka yenyewe ni ipi. Tukarudi kwenye makala mama na kuiandika juu ya karatasi ya kila msomaji:

FEAST haikuwachukua watoto wenye utapiamlo mkali, wenye kuhara, wala waliopungukiwa maji kwa ajali, upasuaji au kuungua. Watoto ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeshuka sana walikuwa 29 tu, waliwekwa fungu la pembeni, na wote walipewa dripu ya haraka.

Kwa hiyo makala inayosema "dripu ya haraka huua watoto", ikirejelea FEAST huku ikizungumzia mtoto aliyekauka kwa kuhara, imeirejelea nje ya mipaka. Hili si suala la adabu ya uandishi. Muuguzi wa zahanati akilisoma na kuliamini, mtoto mwenye kipindupindu atanyimwa maji anayoyahitaji saa ileile. Makosa ya upande wa pili yapo pia: wanaosema matokeo yalitokana na maji kujaa mapafuni kwa kukosa mashine za kupumulia, ilhali uchambuzi wa watafiti wenyewe wa 2013 kwenye BMC Medicine ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na kuporomoka kwa moyo na mishipa. Unapoirejelea FEAST, angalau soma na hiyo ya 2013.

Baada ya mipaka kuandikwa, raundi ya tatu ilivuka kapa (kipimo cha makubaliano ya wasomaji) ya 0.7 tuliyojiwekea, ndipo tukaanza kuhesabu.

25 Mei. Mashimo

Shirika la Afya Duniani lilisahihisha mwongozo wake wa huduma ya dharura kwa watoto mwaka 2016, likazingatia FEAST. Ni hati inayosomwa wodini kote Afrika Mashariki, lakini ni kijitabu chenye ISBN. Hakipo kwenye ramani yetu. Kwenye Crossref marejeo yake hukaa ndani ya `unstructured`, maandishi matupu, kila mwandishi akiwa amelitaja jina kwa namna yake. Tulitafuta maneno "emergency triage" na mwaka 2016 ndani ya maandishi hayo, tukasoma kila kilichopatikana, tukaiundia hati namba yetu wenyewe inayoanza na X ili isichanganyike na za OpenAlex.

Shimo la pili linauma zaidi. Makala ya jarida moja la kanda yetu ina marejeo 31 kwenye PDF, FEAST ikiwamo. Kwenye hifadhidata makala ipo, mwandishi yupo, `referenced_works` ni tupu. Jarida lina DOI ila haliwasilishi orodha za marejeo. Majarida mengine hayana DOI kabisa. Matokeo yake, jaribio lililofanyika Muheza, Kilifi na Soroti linaonekana kujadiliwa zaidi London na Toronto kuliko mahali lilipofanyika, na anayeiangalia ramani bila kujua hili atahitimisha kwamba huku tulinyamaza.

Tulipitia kwa mkono PDF 64 kutoka majarida ya kanda, tukachapa marejeo yanayohusu maji na sepsisi tu. Kwa wahariri: kuwasilisha marejeo Crossref hakuna ada ya ziada kwa mwanachama, na fomu ya wavuti inayopokea orodha kwa kunakili na kubandika ipo. Toleo moja la makala kumi ni kazi ya alasiri moja.

8 Juni. Zilizofutwa

Tangu Septemba 2023 Crossref inatoa bure data ya Retraction Watch, orodha ya makala zilizofutwa na majarida. Tuliipitisha juu ya ramani kwa DOI. Kitongoji kinachojadili aina ya maji kina mabaki ya Joachim Boldt, daktari wa usingizi wa Ujerumani ambaye mwaka 2011 wahariri walitangaza kufuta makala zake zaidi ya 80. Hatukuziondoa, tumezipa rangi ya kijivu. Ukiziondoa huwezi kuona nani aliyezirejelea baada ya kufutwa.

22 Juni. Njia kuu, na gharama hadi leo

Pajek, programu nyingine ya kuchambua mitandao, ina kipimo cha njia kuu: kwenye mishale yote, ipi inapitiwa na njia nyingi zaidi kutoka makala za zamani hadi mpya. Kilikataa kufanya kazi kwa sababu mtandao ulikuwa na mizunguko. Makala za toleo moja la jarida zilirejeleana, A kwa B na B kwa A. Tuliiagiza Pajek ionyeshe vifundo hivyo, vilikuwa 9, tukaondoa katika kila kimoja mshale wa makala iliyotoka mapema. Njia iliyopatikana inapita FEAST hadi mwongozo wa 2020, mradi vichwa viwili vya mwongozo viwe vimeunganishwa. Tulijaribu bila kuviunganisha, njia ikaukwepa mwongozo kabisa.

Programu zote, ukiacha Excel, ni za bure. Data MB 2,300, nyingi zikiwa za ile jioni ya Machi. Saa za kazi: skripti 14, kuunganisha nakala rudufu 22, PDF za kanda 19, kusoma sentensi 61. Atakayeanza leo na maelezo haya anaweza kupunguza mbili za kwanza hadi nusu. Ya mwisho haipungui.

Linalofuata ni kurudia upakuaji wote mwezi Septemba kwa skripti ileile na kulinganisha faili kwa faili. Makala mama ya Andrews tumeshaishusha, bado sentensi zake hazijasomwa.